Mizani

Karani wa vitambulisho, pale Arua,
aliniuliza mara mbili: "Mizani?
Hilo ni jina, mama, au ni kifaa?"
Nikamwambia, andika. Yote mawili.

Akabonyeza, akangoja. Mtandao ukasuasua
kama ng'ombe anayevutwa kuvuka maji.
Kisha akacheka peke yake.
"Mko saba. Nchi nzima!
Akina Grace nikiwatafuta, mashine inazimika."

Saba.
Miaka hamsini na minane nilidhani niko peke yangu,
na nilishazoea, kama mtu azoeavyo kiatu kinachobana.

Kwetu jina ni barua.
Hupewi ili uitikie tu, unapewa ili jirani asikie.
Candiru ni taabu waliyopitia wazazi,
Ayikoru ni furaha yao,
na mama akigombana na mawifi, mtoto ndiye hubeba lile neno
hadi kisimani, hadi shuleni, hadi kaburini.
Langu liliandikiwa mnunuzi wa tumbaku.

Ilikuwa siku ya kupima. Mafurushi hadi barabarani,
majani ya msimu mzima, yaliyokaushwa
kwa kuni zilizomaliza msitu wa babu.
Mama alibeba furushi kichwani na mimi tumboni.
Uchungu ulimshika namba yetu ikiitwa;
wanawake wakamzungushia vitenge nyuma ya ghala.

Mzigo uliotoka nyumbani kilo arobaini
ulifika pale thelathini na moja.
Baba hakubisha. Alikwenda nyuma ya ghala,
akanichukua na damu yangu,
kitovu kimefungwa kwa uzi wa gunia,
akanilaza juu ya sahani ile ya chuma.
Mshale ukatikisika, ukasimama: mbili na nusu.

"Huyu ni Mizani," akasema kwa Kiswahili,
lugha aliyojifunza jeshini,
ili mnunuzi asikose hata silabi.
"Kila akiitwa, ujue tunakuita wewe."

Na yule bibi aliyenipokea
alishikilia hadi anakufa:
"Mtoto yule alikuwa kilo tatu na ushee.
Hata yeye walimwibia."

Shuleni, mwalimu wa ushairi aliandika ubaoni:
*Mizani ni idadi ya silabi katika mshororo.*
Darasa zima likanigeukia.
"Simama," akasema, "tukuhesabu."
Mi-za-ni Ca-ndi-ru.
"Sita. Kipande ni nane. Umepungukiwa mbili."
Nilikaa chini. Nimepunjwa tena.

"Hawa wengine ni akina nani?" nikamuuliza karani.
Haruhusiwi kusema. Akasema.
Wanawake watano, nami nikiwamo;
mkubwa yuko Yumbe, miaka sabini na mmoja,
kazaliwa tarehe mosi Januari
kama wote waliozaliwa kabla ya karatasi.
Mmoja yuko Bwaise, mwingine Maracha,
na wa nne kaandikwa mara mbili, mara ya pili kwa kosa: Mzani.
Mwanamume ni mmoja, Koboko, jina la pili Khemis.
Huyo labda hakutokana na ghala lolote;
labda baba yake aliwaza siku ile
matendo yatakapowekwa huku na huku.

"Na wa saba?"
"Mtoto. Moyo. Miezi tisa."

Hapo nikasahau foleni iliyokuwa nyuma yangu.
Miezi tisa! Nani kampunja mama yake,
na kwa kipimo gani, siku hizi za namba zinazowaka?
Au walilipenda tu, wakaliokota
mahali fulani, bila hasira?
Sijui lipi lingenifurahisha zaidi.

Mimi mwenyewe huuza samaki wakavu sokoni,
kwa kopo. Sijawahi kumiliki mizani.

"Haya, mama, kidole hapa."
Kioo kidogo, taa ya kijani chini yake.
Baba alilaani watu kwa kosa hilo moja:
kidole juu ya kipimo.
"Bonyeza," akasema karani. "Bonyeza, hakikuoni."
Nikakiweka taratibu,
nisije nikaongeza uzito.